Jahazi la babu yako halikuzama

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako mamako alinisomea, kisha usiku nikausoma mwenyewe. Unasema uliingia nyumba kongwe huko Muscat, ukainua macho ukaona dari la boriti kama la nyumba yetu ya Lamu, ndipo likakujia swali: jahazi la babu lilizama wapi hasa?

Halikuzama.

Najua ndivyo ulivyoambiwa, na mimi ni mmoja wa waliokwambia. Babu yako alituagiza tuseme hivyo, na alipokufa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufumbua. Sasa umeuliza ukiwa mtu mzima mwenye ndevu. Sikudanganyi mara ya pili.

Jahazi letu halikuwahi kufika Arabuni. Kazi yake ilikuwa kuingia vijitoni, kupakia boriti za mikoko na kuzishusha Mombasa, Bandari ya Zamani. Walioondoka nazo kwenda kwenu huko ni Waarabu, waliokuja na upepo wa kaskazi wakirudi na wa kusi. Mimi nilianza chomboni na miaka kumi na miwili. Nilihesabu korija, yaani boriti ishirini ishirini, na kufua maji ngamani, chini kabisa ya chombo. Nikikosea hesabu, kofi moja. Ngama ikijaa, mawili.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Wanaojua mikoko wanasema ilikuwa ikikatwa kupita kiasi, nami siwapingi, niliiona kwa macho yangu. Lakini pale gatini kwetu vyombo vikawa vingi kuliko shehena. Babu yako akalifunga jahazi, akasema tungoje. Chombo cha mbao hakingoji. Kikikaa juu, jua linafungua viungo. Kikikaa majini bila kupakwa shahamu, yaani mafuta ya wanyama, wadudu wanakitoboa. Kalafati, kuziba nyufa za mbao, inataka pamba, sifa (mafuta ya samaki), mafundi na chakula chao. Mwaka wa pili akaliuza.

Mnunuzi alitoka kusini, akaja na mashine ya dizeli. Siku lilipoondoka babu yako hakushuka pwani. Jioni, tukila, akasema, "Limezama. Atakayeuliza, mwambieni limezama." Miaka mingi nilimhesabu mwongo. Siku hizi simhesabu hivyo, ingawa bado naona alitunyima kuliaga.

Nililiona tena Mombasa mwaka 1991. Limepakwa kijani, jina jingine, mlingoti umekatwa, limejaa saruji. Nililijua kwa kiraka cha ubavuni, tulipogonga usiku tukipita mlango wa bahari wa Mkanda. Baharia mmoja akaniruhusu nipande. Niliinamia ngama ninuse sifa, nikakuta dizeli tupu. Nilishuka bila kumwambia mimi ni nani.

Baadaye nilisikia limerudi kwetu, limepandishwa kijijini Matondoni, mwenyewe ameshindwa kulitengeneza. Nilichelewa kwenda, na hapo kosa ni langu. Nilipofika, fundi alikuwa ameshalibomoa nusu, anatengeneza fremu za vioo na za picha. Watalii wanapenda mbao za zamani zenye matundu ya misumari. Ubao wa shetri, nyuma ya chombo, aliukwangua rangi mbele yangu: kijani, chini yake buluu, chini yake nyeupe, na chini ya zote zile herufi alizochonga babu yako mwenyewe: TAWAKALI. Ya mwisho imekaa upande, maana nafasi ilimwishia. Fundi akanitajia bei ya ubao ule. Nilicheka, mwanangu, kwa kuwa ningecheka au ningelia. Nikamwambia nitarudi. Niliporudi na pesa za kukopa, ulikuwa umeshauzwa. Kwa hiyo ukimwona mtu ana kioo chenye herufi I iliyokaa upande, muulize amekipata wapi.

Mkuku lakini, ule uti wa chini wa chombo, hawakuuchukua. Ni mbambakofi, mzito, na matope yameshaumeza. Upo palepale Matondoni. Maji yakijaa huuoni kabisa. Ukija likizo, usije kwa kuangalia nauli peke yake, angalia na mwezi: siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa, inatoka mbali, na utauona kuanzia mbele mpaka nyuma. Njoo na viatu vibovu, matope yale yana makombe.

Mamako anauliza kama umeacha kula usiku wa manane.

Babako