Maswali yenu ya fasihi ya Kiingereza: kiangazi cha kupanga, boga la mahame na mheshimiwa Brutus

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaosoma fasihi ya Kiingereza sekondari. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mwalimu. Riwaya ya Achebe nimeisoma mara tatu, naweza kuisimulia hata usingizini. Lakini kila insha inarudi na neno moja jekundu: "Umesimulia." Nisiposimulia niandike nini? (Kidato cha tano, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Mimi mwalimu wangu alikuwa na neno lake: "Kwa hiyo?" Aliliandika pembeni kila aya, bila maelezo, na kwa mwaka mzima nilidhani ananichukia. Baadaye nikaelewa. Msahihishaji hadithi anaijua, ameisoma mara nyingi kuliko wewe. Anataka umwonyeshe imesimuliwaje, na kusimuliwa hivyo kunatufanya tuone nini.

Tukichukue hicho hicho kitabu chako, Things Fall Apart, kilichotoka mwaka 1958. Neno la kwanza kabisa katika sura ya kwanza ni jina: Okonkwo, anayejulikana katika vijiji vyote tisa na hata mbali zaidi. Sasa nenda aya ya mwisho, mwisho wa sura ya 25. Okonkwo amejinyonga. Mkuu wa Wilaya, Mzungu, anaondoka huku akiwaza kitabu anachokusudia kuandika. Itafute "Okonkwo" katika aya hiyo. Huioni. Yupo "mtu huyu" aliyeua tarishi kisha akajinyonga. Mkuu wa Wilaya anaona habari zake zingeweza kujaza sura nzima. Anafikiri tena: basi, pengine aya moja ya kutosha.

Msimulizi wa hadithi ataandika: "Mwishoni Okonkwo anajinyonga na Mkuu wa Wilaya anapanga kuandika kitabu." Ni kweli, na alama hakuna. Mchambuzi ataandika kwamba jina lililofungua riwaya limefutwa kwenye aya ya kuifunga. Kwamba tumetolewa ghafla miongoni mwa watu wa Umuofia, kwao Okonkwo, tukaingizwa kichwani mwa mgeni. Na kwamba sisi tuliokaa na Okonkwo sura 25 ndio tunaojua aya moja ni dharau ya kiasi gani. Tukio jipya hata moja sijaongeza hapo. Nimelinganisha kurasa mbili tu. Insha yako ijayo, kila ukimaliza sentensi inayosema "halafu akafanya hivi", jiulize lile neno la mwalimu wangu kabla hujaweka nukta.

Mwalimu, shairi la Shakespeare la kumlinganisha mpenzi na siku ya kiangazi linanichekesha. Kwetu Dodoma kiangazi ni vumbi na foleni ya maji. Si tusi hilo?

Cheka, lakini andika sababu ya kicheko, kwa sababu hapo umeshaanza kuchambua. Kiangazi cha Uingereza ni msimu mfupi wa jua la wastani baada ya miezi ya baridi, na watu huusubiri kama nyinyi mnavyosubiri mvua za Desemba.

Ila usiishie kwenye hali ya hewa. Mshairi anaukataa ulinganisho wake mwenyewe mara tu anapoutaja. Mpenzi ni mzuri kuliko kiangazi, tena ana utulivu zaidi. Kisha anaanza kukishtaki kiangazi: upepo unatikisa machipukizi ya Mei, jua mara linaunguza mara linafifia, na muda wenyewe haudumu. Kwa muda huo ametumia neno "lease", yaani mkataba wa kupanga. Kiangazi ni mpangaji! Mkataba ukiisha kinafungasha vyombo. Teremka sasa hadi mstari wa kumi, anapoahidi kwamba kiangazi cha mpenzi hakitapoteza uzuri wake. Neno lililopo pale ni "possession", umiliki. Kutoka upangaji hadi umiliki, lugha ya wenye nyumba ndani ya shairi la mapenzi. Ukiliona hilo una aya nzima ya insha, na hukuhitaji mtu wa kukupa.

Jambo dogo: uliandika "mwanamke mrembo" mara nne kwenye barua yako. Mistari yote 14 haisemi popote kama ni mwanamke au mwanamume. Umemleta wewe huyo.

Nikihesabu mizani za Shakespeare mstari mmoja unanipa 10, mwingine 11. Alikosea? (Mombasa)

Hakukosea, ni wewe umekwenda na kipimo cha duka jingine. Sisi tunahesabu silabi kwa sababu mkazo wetu hautusumbui, unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane na nane, na ukipungua mmoja wazee wanasema hilo guni. Mkazo wa Kiingereza unahamahama, kwa hiyo wao wanahesabu mapigo: matano kwa mstari, hafifu kisha nzito, hafifu kisha nzito. Silabi moja hafifu ikibaki mwishoni hakuna anayelalamika. Ule mstari wa Hamlet wa kuwa au kutokuwa, ambao hata asiyesoma fasihi anaujua, una 11. Acha vidole, piga meza. Na usitaje mapigo kwenye insha kama huna la kusema kuhusu yanapovunjika.

Tumeambiwa boga la mshairi Okot p'Bitek ni taashira ya mila, yaani kitu kinachosimamia maana nyingine. Mtu anajuaje? Mbona mtungi na mkeka haviwi taashira? (Busia, Kenya)

Swali hili nimelipenda. Kitu hakiwi taashira kwa sababu mwalimu kasema. Kuna alama zake kwenye matini. Song of Lawino, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966, ilitungwa kwanza kwa Kiacholi, na boga linaingia ndani ya methali ya Waacholi: boga lililo kwenye mahame haling'olewi. Alama ya kwanza ndiyo hiyo, kwamba limekuja likiwa tayari limebeba maana ya watu. Ya pili, linarudi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: fungua mstari wa mwisho wa utenzi mzima. Lawino, mke anayemlalamikia mumewe Ocol tangu mwanzo, anamaliza kwa kusihi mtu asiling'oe Boga, na limeandikwa kwa herufi kubwa kama jina la mtu. Mtungi haukupewa heshima hiyo.

Ila "mila" ni jibu pana mno, kama kumwambia daktari "naumwa mwili". Soma methali polepole. Mahame ni mahali watu walikohama. Boga linaendelea kuzaa pale bila kupaliliwa, na mpita njia anachuma. Methali haimkatazi Ocol kuhama wala kupanda kitu kipya. Inamkataza kung'oa kinacholisha wengine kwa sababu tu yeye amehama. Hayo ndiyo malalamiko ya Lawino, na ni tofauti kabisa na "Lawino anapinga usasa", sentensi ninayoikuta kwenye karatasi mpaka macho yanauma.

Kejeli ya Kiswahili naijua kwa sauti ya mtu. Kwenye karatasi ya Kiingereza sauti haipo. Nitaikamataje? (Kidato cha sita, Moshi)

Kwanza, wasomaji wa Kenya, hapa naongelea mnachokiita kinaya.

Mfikirie mtu anayesema "mheshimiwa" mara moja, mbele ya kiongozi. Ni adabu. Sasa mtu huyo huyo, kijiweni, ataje barabara isiyojengwa halafu aseme "mheshimiwa". Ataje zahanati isiyo na dawa, aseme tena "mheshimiwa". Mara ya nne watu wanaangua kicheko, na neno lenyewe halijabadilika herufi.

Antony, rafiki wa Caesar, anafanya hivyo hivyo kwenye mazishi katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, tendo la tatu, onyesho la pili. Brutus, mmoja wa wauaji, ameshawaambia watu kwamba Caesar aliuawa kwa tamaa yake ya makuu. Antony anapanda, na anamwita Brutus "honourable", mtu wa heshima, mara nne. Kati ya mara na mara anaingiza ushahidi: Caesar alileta mateka ambao fidia yao ilijaza hazina ya umma, maskini walipolia, naye alilia, alipewa taji mara tatu, akalikataa mara tatu. Kila baada ya ushahidi linarudi lile lile, kwamba Brutus asema alikuwa na tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima.

Sasa tazama viunganishi, ambavyo wanafunzi huviruka. Mara ya kwanza anasema "For", kwa maana: heshima ya Brutus ndiyo sababu ya yeye kuruhusiwa kusema. Mara ya pili na ya tatu ni "And", na: sifa imening'inia tu, haielezi kitu. Mara ya nne ni "And, sure", na bila shaka. Lini ulimsikia mtu akisema "bila shaka" kwa jambo lisilo na shaka? Hiyo ndiyo sauti uliyokuwa unaitafuta, imefichwa kwenye maneno madogo kabisa.

Halafu sikiliza umati. Muda si mrefu mwananchi mmoja anapiga kelele kwamba hao walikuwa wasaliti, na anaongeza "honourable men!" kwa kejeli ya wazi. Antony hajasema hata mara moja kwamba Brutus hana heshima. Kawaachia wao waseme. Kumbuka pia kwamba Brutus alihutubia kwa nathari, hoja kwa hoja, na Antony akaja na ushairi. Kwa nini, hilo nakuachia. Lina jibu zaidi ya moja zuri.

Baba ana nakala ya zamani ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya The Merchant of Venice. Nikiisoma kabla ya ile ya Kiingereza nitakuwa nadanganya? (Tanga)

Hapana. Soma zote mbili, na anza kuchambua kwenye jalada. Shakespeare ameandika mfanyabiashara mmoja. Nyerere ameandika wengi, tena akawaita mabepari. Neno hilo lilitujia kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi na zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lakini tafsiri hii ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, na wakati huo hakuna Mtanzania aliyeambiwa "bepari" akafikiria mwenye duka la vitambaa. Sasa mhukumiwa ni nani, Shylock mkopeshaji peke yake na ratili ya nyama anayoidai mwilini mwa mdeni wake, au Venisi nzima? Mtafsiri naye ni mhakiki, anachagua neno na kukaa nalo. Muulize baba kama anayo na Juliasi Kaizari, kisha utazame lile neno la Antony limepewa sura gani.

Nondo za mtandaoni zinatosha kufaulia? (Mbeya)

Hazitoshi. Msahihishaji naye anazo.

Mwalimu mwenzangu, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60 na nakala tano za kitabu. Uchambuzi wa neno kwa neno nitaufundishaje?

Pole, nimekaa humo. Acha kitabu siku hiyo. Andika mistari sita ubaoni, sita tu, na neno moja lililo muhimu ulifute uache pengo. Wasome kwa sauti, kisha kila dawati lipendekeze neno la kujaza na litetee. Wangu niliwawekea pengo mahali pa "lease". Wakaleta "siku", wakaleta "safari", binti mmoja wa dawati la nyuma akasema "maisha". Nilipoliandika la Shakespeare wakanyamaza kidogo, halafu yule binti akauliza: "Sasa mwenye nyumba ni nani?" Tukabaki na swali hilo mpaka kengele.