Weka hiyo krimu chini kwanza

Mkuu, hiyo tyubu usiifungue. Kama umeshaifungua, ifunge. Kama umeshampaka, mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla hajairamba yote, halafu urudi usome.

Umesema paka wako wa miaka mitatu ananyonyoka manyoya nyuma ya sikio na tumboni, anakula vizuri, hujawahi kumwona akijikuna, na jirani amekupa krimu yake ya ngozi iliyobaki, "ile yenye dawa tatu ndani". Unauliza umpake mara ngapi kwa siku, umbadilishie chakula au la, umnyoe au la, na yule paka wako mwingine umtenge au la. Mimi nilipofika kwenye "dawa tatu" sikuendelea kusoma vizuri. Nilijiona mwenyewe nimekaa sakafuni, paka mapajani, nampaka kwa kidole taratibu kama ninayeangaliwa na jopo la madaktari bingwa.

Paka wangu anaitwa Karani kwa sababu hulalia makaratasi yote ya nyumba hii. Alianza na kipara kidogo kama ukucha wa kidole gumba, pembeni ya sikio. Ngozi yenyewe ilikuwa na wekundu kidogo na magamba kama mba. Nikaenda kwa muuza dawa za mifugo, nikamweleza kwa mdomo. Paka mwenyewe nilimwacha nyumbani. Yule bwana hakuinuka hata kwenye kiti. "Hiyo ni aleji tu," akasema, mkono tayari uko kwenye rafu. Hakuuliza kama kuna viroboto, wala kama nyumbani kuna watoto au kama kuna mtu anayejikuna. Paka hajamwona, picha hajaiona, lakini ugonjwa ameujua. Nabii kabisa.

Sasa sikiliza ndani ya ile tyubu kuna nini. Krimu za namna ile huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi kazi yake ni kutuliza wekundu na muwasho, na inafanya hivyo kwa kuilegeza kinga ya ngozi. Kama tatizo ni aleji, utapata nafuu. Kama ni choa, yaani fangasi, umemlaza mlinzi na mwizi yumo ndani ya nyumba. Usiseme "lakini humo humo kuna dawa ya fangasi". Kwa paka, choa hukaa ndani ya unywele wenyewe na vijimbegu vyake hutapakaa manyoya yote, hata pale ambapo huoni kipara. Wewe unapaka sehemu ya ukucha, yeye amebeba mwili mzima. Na hicho kidogo ulichopaka, ulimi wake unakimaliza kabla hujanawa mikono.

Ubaya wa krimu ile ni kwamba mwanzoni inafanya kazi. Siku ya nne wekundu ulikuwa umekwisha, magamba hayapo. Nikatamba. Nikawapigia watu simu. Nikamshauri shemeji ampake na wa kwake, Mungu anisamehe. Wiki ya tatu kile kipara cha ukucha kilikuwa kimefika kwenye paji la uso, kingine kimetokea kwenye mguu wa mbele, kingine kwenye mkia. Nikafanya nini? Nikaongeza dozi. Mara mbili kwa siku ikawa tatu, maana kichwani mwangu aleji ilikuwa "imekuwa sugu".

Halafu mtoto akatokewa na kiduara shingoni. Hapa naomba usicheke, au cheka kwa staha. Nilimpaka krimu ile ile. Nilijiambia ni joto. Mke wangu akatokewa mkononi, mimi mwenyewe kwenye tumbo, mahali Karani anapopenda kulala. Familia nzima tunapokezana tyubu moja kama dawa ya meno, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo. Tulikuwa watu wazima wawili wenye elimu, mkuu.

Tulipofika kwa daktari wa ngozi, kiduara cha mtoto hakikuwa tena kiduara. Steroidi ilikuwa imekifuta ukingo, limebaki baka tu lisilo na umbo, hivyo hata daktari akasita. Akakwangua magamba kidogo ayapime, na alipokuwa anakwangua akauliza, "Nyumbani mna paka?" Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia ukuta.

Ndiyo maana sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: paka anayenyonyoka hapakwi kitu chochote mpaka manyoya yake yamepimwa. Usimpake krimu wala mafuta, usimpake siki, usimpake dawa ya bibi. Manyoya kwanza.

Na kuyapima si jambo la kutisha. Daktari wa mifugo alimzimia Karani taa ya chumba, akamulika manyoya kwa taa maalumu ya mwanga wa zambarau. Nywele kadhaa zikang'aa kijani kama tofaa bichi. Aina ya fangasi inayowapata paka zaidi, Microsporum canis, mara nyingi hung'aa hivyo, ingawa zisipong'aa bado huwezi kusema hana. Akazing'oa zile zilizong'aa, akaziweka chini ya hadubini. Kisha akachukua mswaki, nasema mswaki wa meno, mpya, akamsugua mwili mzima, na alichokusanya kikaenda maabara kuoteshwa. Majibu ya kuotesha huchukua wiki mbili hivi, wakati mwingine tatu. Nililalamika kwamba ni muda mrefu, mimi niliyepoteza wiki tano kwa krimu.

Hadubini hiyo hiyo ingekusaidia na wewe kuhusu tumbo. Unasema hujawahi kumwona akijikuna, lakini paka wengi hawajikuni, wanajiramba, tena wanajiramba ukiwa umelala au umetoka. Unywele uliokatwa kwa ulimi ncha yake huonekana imevunjika. Uliodondoka wenyewe una ncha nzima, iliyochongoka. Hapo tu daktari anajua kama anatafuta muwasho au kitu kingine. Tumbo tupu linaweza kuwa aleji ya mate ya kiroboto, na usiniambie huoni viroboto: paka mwenye aleji hiyo humeza ushahidi anapojisafisha, na kuumwa mara chache tu kunatosha. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, vumbi jeusi litakalodondoka liweke kwenye pamba nyeupe yenye maji. Likitoa rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, kinyesi cha kiroboto. Wako wengine hujiramba tumbo kwa sababu kibofu kinawauma. Kwa hiyo sisemi paka wako ana choa. Nasema hujui, na jirani yako hajui zaidi.

Kwa kuwa nimetaja viroboto, usiende kununua matone ya mbwa kwa kuwa yapo tayari nyumbani. Mengi yana permethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja. Anaanza kutetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Hilo kosa angalau sikulifanya. Niliacha moja.

Hesabu ya krimu yangu ilikuwa hivi. Karani alitengwa kwenye chumba kimoja wiki kumi. Dawa ya kunywa ya fangasi, wiki moja anapewa, wiki moja anapumzishwa. Mara mbili kwa wiki anaoshwa kwa maji ya chokaa na salfa, ambayo yananuka mayai viza, tena yale yaliyosahaulika. Yeye ananuka, mimi nanuka, mapazia yananuka. Wageni waliacha kuja na sikuwalaumu. Kila siku tunaokota manyoya, tunasugua sakafu kwa sabuni, kisha tunapitisha dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji, kwa sababu vijimbegu vya choa vinaweza kukaa kwenye zulia na mito zaidi ya mwaka vikisubiri mtu. Zulia lenyewe tulilitupa. Tuliacha dawa baada ya vipimo viwili mfululizo kutoka safi, si baada ya manyoya kuota. Manyoya yaliota mapema zaidi, na kama ningeyaamini tungeanza upya.

Kipara kile cha kwanza, daktari alisema, kingeshikwa mapema tusingefika kwenye zulia. Nilirudi kwa yule muuza dawa kumweleza. Akanisikiliza kwa makini sana, kisha akasema, "Basi aleji yake ilikuwa mbaya." Nikatoka bila kuaga.

Huyo paka wa pili mtenge leo, lakini usijidanganye kwamba yu salama kwa kuwa manyoya yake yamejaa. Wako wanaobeba choa bila alama yoyote, kazi yao ni kugawa tu. Naye apitishiwe mswaki. Na kama kuna mtoto nyumbani, mkague shingo, mikono na kichwani. Ukikuta baka lolote, mpeleke hospitali, na umtaje paka kabla hujaulizwa, usingoje kuangalia ukuta kama sisi. Ikiwa kichwani, mapunye ya mtoto yanahitaji dawa ya kumeza, krimu haitoshi.

Jirani mrudishie tyubu yake kwa shukrani. Mwulize pia yeye aliandikiwa kwa ajili ya nini, na kama huwa anambeba huyo paka wako.

Nilikuwa nataka kuandika na lile la chakula, lakini Karani ameshakaa juu ya karatasi niliyoandikia, na siku hizi simwondoi bila kumkagua masikio kwanza.