Maswali ya Wasomaji: Kidhibiti cha Tangi la Matumbawe cha Kujitengenezea

Swali: Ndugu Mhariri, nina tangi la maji ya bahari la lita 200 hapa Nairobi, lenye matumbawe laini na samaki wachache. Vidhibiti vya dukani ni ghali mno kwangu, kwa hiyo nimenunua Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa kazi kwa programu), bodi ya rilei nne (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na kihisi cha joto aina ya DS18B20 ili niendeshe hita, pampu kuu na taa. Programu niiandikeje?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Programu iwe kazi ya mwisho. Kwanza chukua karatasi, uorodheshe vifaa vyako vyote, na mbele ya kila kimoja ujibu swali hili: kidhibiti kikizimika au kikiganda, kifaa hiki kinapaswa kuwa kimewaka au kimezimwa? Pampu kuu haina budi kuendelea, kwa kuwa ndiyo inayozungusha maji na kuyapatia hewa. Matumbawe huvumilia siku nzima ya giza, lakini samaki waliomo katika maji yaliyosimama huweza kuanza kutweta baada ya saa chache tu. Kwa sababu hiyo, pampu huunganishwa kwenye ncha ya rilei iliyoandikwa NC, ambayo hupitisha umeme hata rilei ikiwa imelala, nazo hita na taa huunganishwa kwenye ncha ya NO, ambayo haipitishi kitu mpaka iamriwe.

Hata hivyo, rilei nayo huharibika, na mara nyingi huharibika kwa namna mbaya kuliko zote. Zile ndogo za buluu zimeandikwa ampea 10, na kiwango hicho ni cha mizigo tulivu kama hita. Mota ya pampu hutoa cheche kila inapokatwa, na cheche hizo huzila ncha za rilei pole pole hadi siku moja zikagandamana. Hata rilei ya hita, ambayo huwaka na kuzimika mara nyingi kwa siku, inaweza kufikwa na hayo, na hapo hita itaendelea kuchemsha maji ingawa kidhibiti kimeamuru izime. Kwa hiyo nunua hita yenye themostati yake yenyewe, uitegeshe kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, kisha kidhibiti kiiwashe maji yanaposhuka hadi 25.2 na kuizima yanapofika 25.8. Pengo hilo la sehemu chache za nyuzi ni la lazima, la sivyo rilei itakuwa ikiwaka na kuzimika kila mara na kufa mapema.

Sasa tuje kwenye programu, na hapa kihisi chako kina tabia mbili ambazo kila fundi anapaswa kuzijua. DS18B20 inapopata umeme huanza na thamani ya nyuzi 85, na ukiisoma kabla haijamaliza kupima, kazi ambayo kwa usahihi wake wa juu kabisa huchukua takriban robo tatu ya sekunde, itakupa hiyo 85. Waya ukichomoka, maktaba ya programu inayotumiwa na wengi kwenye Arduino hurudisha -127. Fikiria programu iliyoandikwa kwa pupa: inaona -127, inadhani maji yameganda, inawasha hita na haiizimi tena. Andika basi kwamba usomaji wowote ulio chini ya 15 au juu ya 40 hauaminiki, na ukijirudia mara kadhaa mfululizo, hita izimwe na king'ora kilie. Usisahau rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na ule wa umeme wa volti 5. Aidha, usidanganyike na ala ya kihisi iliyoandikwa kuwa ya chuma kisichoshika kutu: zile za bei nafuu hushika kutu katika maji ya chumvi, kwa hiyo izibe kwa silikoni ya matangi ya samaki.

Jambo moja zaidi kabla hujachomeka kitu. Bodi nyingi za rilei huwaka zinapopewa volti sifuri, si volti 5, kwa hiyo pini ya Arduino inayoiamuru rilei ipewe hali ya juu (volti 5) kabla haijatangazwa kuwa ya kutoa; usipofanya hivyo, kila umeme unaporudi hita na taa zitawaka kwa kitambo na pampu itakatika. Kisanduku cha kidhibiti kikae pembeni na juu ya usawa wa maji, nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda ili matone yasizifuate hadi ndani, na mfumo wote upite kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30.

Swali: Hapa Dar es Salaam tatizo langu si baridi bali joto. Feni juu ya tangi inasaidia, lakini maji yanapungua upesi mno. Nataka pampu ndogo iyajazie yenyewe. Je, nitumie Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye programu ya reef-pi, ya kuendeshea matangi ya matumbawe?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Feni hupoza kwa kuvukiza, na katika unyevu wa pwani nguvu yake si kubwa kama bara, ila maji yanayoondoka ni mengi vilevile. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, likipoteza lita 4, hufika 35.7. Hilo si la kutisha. La kutisha ni upande wa pili: swichi ya boya ikikwama, mara nyingi kwa sababu konokono ameipanda, pampu itamwaga ndoo nzima. Ndoo ya lita 20 itaishusha chumvi hadi karibu 31.8, lakini dumu la lita 5 litaishusha hadi 34.1 tu. Dumu dogo, basi, ni ulinzi kuliko programu yoyote. Weka pia boya la pili juu kidogo ya la kwanza, likate umeme wa pampu moja kwa moja, na programu isiiruhusu pampu kufanya kazi kwa zaidi ya dakika moja kwa mkupuo. Mwisho wa mpira uwe juu ya maji, la sivyo maji yataendelea kujivuta yenyewe baada ya pampu kuzimwa.

Programu ya reef-pi ni huria na ya bure, nayo huonyesha michoro ya joto kwenye simu. Lakini Raspberry Pi huendeshwa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, ambayo huweza kuharibika umeme ukikatika ghafla. Mimi ningeiachia Arduino kazi za uhai na kuitumia Pi kutunza kumbukumbu.

Swali: Kihisi changu cha pH (kipimo cha asidi ya maji) huruka kila pampu inapowaka. Ni kibovu?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Huenda si kibovu. Kioo chake hutoa takriban milivolti 59 tu kwa kila kipimo kimoja cha pH, kupitia ukinzani mkubwa sana, hivyo umeme kidogo unaovuja majini huvuruga usomaji wake. Chota maji ya tangi kwenye kikombe, utumbukize kihisi humo: kikitulia, unahitaji bodi ya kutenganisha umeme kati yake na kidhibiti, na pampu yako ikaguliwe. Usiruhusu pH iamuru chochote kimwagwe majini, kwa maana hushuka yenyewe kila usiku, matumbawe na mwani vinapoacha kutumia mwanga. Kirekebishe kwa vimiminika vya pH 7 na 10 mara kwa mara. Kikishindwa kufikia 10 hata baada ya kusafishwa, nunua kingine, kwani vingi hudumu mwaka mmoja hadi miwili.