Anko, nikijiundia bunduki mwenyewe ni kosa?

Mwezi huu barua za Marekani zimekuwa nyingi kuliko za nyumbani, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, kile kiwiliwili cha bunduki ambacho hakijamaliziwa, wauzaji wa kule wanakiita "asilimia 80". Nimechukua tatu za huko na moja ya Tabora ambayo imenichekesha kidogo lakini ina hoja. Kama kawaida naeleza sheria inasemaje, ukiwa na kesi mkononi tafuta wakili wako.

SWALI: Shikamoo Anko. Niko Houston, grini kadi nina mwaka wa tatu, napiga shifti za usiku ghalani. Jamaa mmoja Mmarekani pale kazini kafungua buti ya gari kanionyesha kipande cha aluminiamu, kimekaa kama pasi iliyong'olewa mpini, anasema hio ndo risiva ila kwa vile haijachongwa mpaka mwisho bado sio bunduki, unanunua kama unavonunua spea, unamalizia nyumbani, hamna fomu hamna kukaguliwa hamna namba. Nataka ya kulinda nyumba tu. Ni kweli au ananiingiza mkenge?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa yako kasema kweli nusu, na hio nusu aliyoiacha ndo inayopeleka watu jela.

Nusu ya kweli ni hii. Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1968 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya kutengeneza au kuuza silaha. Mtu wa kawaida anayejitengenezea yake, ya kutumia mwenyewe, haombi leseni na serikali kuu haimlazimishi kuichonga namba. Texas nayo haijaweka katazo lake juu ya hilo. Mpaka hapo jamaa yuko sawa.

Sasa hio risiva. Kisheria bunduki yenyewe ndo hicho kiwiliwili, pale panapokaa traiga na mitambo yake. Mtutu, kitako, magazini, vyote hivo unanunua dukani bila mtu kukuuliza jina. Kwahiyo miaka mingi wajanja walikaa kwenye swali moja, kiwiliwili kinaanza kuitwa kiwiliwili lini? Wakauza ambacho kimebakiza kazi kidogo, wengine wakafungasha kiboksi kizima, fremu ya plastiki, vifaa vya kukuongoza wapi pa kutoboa, mtutu humohumo, wewe ni kufungua na kuanza. Polisi wakaanza kuziokota mitaani bila namba, Wamarekani wanaziita bunduki za mizimu maana hazina pa kufuatilia. Mwaka 2017 zilizopelekwa serikali kuu zifuatiliwe zilikuwa kama 1,600, mwaka 2021 zikazidi 19,000.

Ndo ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ikatoa kanuni mwaka 2022, ikaanza kazi Agosti 24. Kiboksi au kiwiliwili kinachoweza kugeuzwa silaha upesi bila jasho kinahesabika silaha tayari, muuzaji awe na leseni, akipige namba, na mnunuzi akaguliwe rekodi. Wauzaji wakaenda mahakamani Texas hukohuko kwenu, wakashinda, wakashinda tena kwenye rufaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Oktoba 2024 Jaji Alito akauliza swali ambalo mimi mpishi wa chipsi mayai nililipenda sana: nikiweka mezani mayai, nyama ya nguruwe (ham) iliyokatwakatwa, hoho na kitunguu, hicho ni kimanda? Jaji Barrett akaingilia, je ukiagiza pakiti yenye kila kitu cha kupikia hicho chakula? Na hapo ndo mzani ulipolalia. Machi 26, 2025 majaji 7 kwa 2 wakasema kanuni ya ATF inasimama, hukumu kaiandika Jaji Gorsuch, ambaye huwezi kumwita adui wa bunduki, na mfano wake ni mtu anayesema amenunua meza IKEA, duka la fanicha za kujifungia mwenyewe, wakati bado ana masaa ya kuifunga. Kwenye hukumu yumo mtu ambaye hajawahi kuiona pakiti ya aina hio, alipopewa alitoa bastola ndani ya dakika 21.

Angalia lakini wasije wakakuchanganya upande wa pili. Mahakama haijasema kila kipande cha chuma ni bunduki, imesema baadhi ya pakiti zinahesabika silaha kisheria na vingine vinaweza visihesabike, inategemea kazi iliyobaki. Na haijamzuia mtu kujiundia. Kilichofungwa ni ule mlango wa kununua pakiti kimyakimya.

Hio ndo habari ya chuma. Mimi nina wasiwasi na wewe zaidi kuliko chuma. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki, sawa, ila aliyehukumiwa kosa zito haruhusiwi, aliyehukumiwa kumpiga mke hata kama kosa liliitwa dogo haruhusiwi, na kuunda mwenyewe hakumtoi mtu kwenye hilo katazo. Alafu kitu ambacho Mmarekani wa ghalani hawezi kukwambia maana hakimhusu: wewe ukipatikana na hatia ya kosa la silaha, sheria ya uhamiaji inaruhusu urudishwe kwenu hata kama una grini kadi, mke na nyumba ya mkopo. Yeye akiteleza analipa faini au anakaa jela anarudi kwake, wewe kwako ni wapi?

Mambo mengine yanayowakamata watu: kumpelekea fundi mwenye mashine akumalizie, huyo fundi hapo anatengeneza silaha, anatakiwa awe na leseni. Kufupisha mtutu wa raifo chini ya inchi 16 bila kibali, hio ni sheria ya 1934. Kuunda inayopiga mfululizo, kwa raia ilishafungwa tangu 1986, usiiguse hata kwa mawazo. Na kuunda moja ukamuuzia binamu, ya pili ukamuuzia jirani, hapo umeshakuwa kiwanda.

Alafu hio ya kuunda ukiwa Texas ukahamia California ukidhani ni kuhama na kochi. California tangu Julai 2018 lazima uombe namba serikalini kwanza kabla hujaunda. New York wana sheria ya 2021 inayotaja hizi risiva zisizokamilika kwenye jina lake kabisa, imepewa jina la mwalimu Scott Beigel aliyeuawa shuleni Parkland 2018. Illinois, Maryland, Washington, Colorado, wote wana zao. Unavuka mpaka na gari, bunduki ileile, sheria nyingine.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia nenda duka lenye leseni, jaza fomu, chukua yenye namba na risiti. Ya kulinda nyumba haihitaji ufundi.

SWALI: Anko mambo, mimi niko Columbus, Ohio nasoma, visa ya F-1. Naishi na mshikaji Mmarekani, yeye ananunua kila kitu kwa jina lake mimi namsaidia kuunda tu wikendi. Mimi sijanunua, nina kosa gani?

JIBU: Poa. Kosa ni kuwa nayo, kununua ni habari nyingine. Mwenye visa ya muda kama yako haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha wala risasi, kuna upenyo wa wachache kama wenye leseni ya uwindaji ila huo usiupitie kwa kuhadithiwa, muone wakili. Bunduki iliyoundwa kwenye meza unayolia chakula, alama zako za vidole zimejaa kila kipande, utamwambia nani kwamba ulikuwa unashikilia tochi? Wikendi nenda kacheze mpira.

SWALI: Anko mimi ni mama wa watoto watatu New Jersey. Nilikuwa natoa maboksi gereji nikakuta moja limeandikwa jina la kijana wangu wa miaka 19, ndani kuna plastiki nyeusi kama mfano wa bastola na vitoboleo viwili kwenye kifuko. Namuuliza ananiambia mama hio sio bunduki, ni plastiki. Nimeirudisha nikaweka blanketi juu. Nifanyeje? Baba yake hajui.

JIBU: Pole sana mama yangu. Hilo neno la "ni plastiki" lingekuwa na mjadala sehemu nyingine, kwenu halina. New Jersey tangu Novemba 2018 kununua hivo vipande kwa lengo la kuunda silaha isiyo na namba ni kosa la jinai lenyewe, hata kabla hajatoboa tundu moja. Na umri wake, kisheria huyo ni mtu mzima, kesi ingekuwa ya kwake.

Najua mawazo ya kwanza, ulitupe kwenye jalala la barabarani au ampelekee mjomba wake Pennsylvania. Usifanye yote mawili. Usilisafirishe, usilirudishe posta, na kijana asiendelee kulishika wala kuandikiana na marafiki kuhusu hilo boksi. Tafuta wakili wa jinai wa hapohapo New Jersey kesho asubuhi, sio wa uhamiaji wala yule wa nyumba, mweleze, yeye ndo atajua namna ya kulifikisha polisi bila mtoto kujisemea vibaya. Kama kijana sio raia mwambie wakili hilo mwanzoni kabisa. Na baba yake mwambie leo, atakasirika, lakini heri ajue kwako kuliko kwa polisi mlangoni.

SWALI: Habari Anko, niko Tabora. Marehemu babu aliacha gobore, mtutu umeliwa na kutu, fundi wa hapa kijijini anasema anaweza kuuchonga mpya kwa bomba. Huko Marekani nasikia wanajiundia tu, kwanini sisi isiwe hivo?

JIBU: Njema. Kwasababu kwetu ile "ya matumizi yangu" haipo. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 inataka kibali kwa anayetengeneza na leseni kwa anayemiliki, gobore la nguruwe wa shambani nalo limo. Babu kama alikuwa na leseni ilikuwa yake, hairithiwi pamoja na panga na jembe, wewe unaomba upya. Nenda kituoni mikono mitupu, ukaeleze lilipo na lilikuwa la nani, wakuambie walifuate au ulilete, na ukisikia serikali imetangaza msamaha wa kusalimisha silaha usisubiri siku ya mwisho. Fundi mwambie bomba lake akafungie maji.