Mbegu zako hazimzuii ndege kuhama

Swali la wiki lilikuwa: je, kuwawekea ndege mbegu uani majira haya ya majani kupukutika kunawafanya wasahau kuhama? Jibu langu ni hapana, na nimelipata bwawani, hatua chache kutoka nyumbani.

Kiangazi kikielekea ukingoni, mbayuwayu hujaa pale. Jioni hupita juu ya maji wakidaka wadudu, kisha giza likiingia hujitupa kwenye matete kwa makundi. Mbegu hawali kabisa. Halafu asubuhi moja nafika na darubini yangu, nakuta matete kimya, na wadudu bado tele juu ya maji! Ndege wa gramu 20 hivi amekiacha chakula na kushika safari ya maelfu ya kilomita. Kwa ndege wengi wanaohama, mchana unapofupika ndipo mwili hujua saa imefika: hula kwa pupa, huweka mafuta, huondoka. Mpita njia akitua uani kwako, anajaza akiba ya safari tu.

Wanaobaki kwangu ni wale wa kubaki. Nampenda sana mmoja mdogo mwenye kofia nyeusi na mashavu meupe. Huchukua mbegu moja tu ya alizeti, huruka nayo hadi kwenye mti, huibana kwa vidole vyake na kuigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Nyingine haili. Huichomeka kwenye ufa wa gome, na wiki kadhaa baadaye bado anakumbuka alikoificha.

Kinachonitia hofu mimi ni uchafu. Mwaka jana nilimkuta ndege amejivimbisha manyoya, macho nusu yamefumba, namkaribia wala haruki. Kesho yake alikuwa amekufa chini ya chombo cha mbegu. Mbegu zilikuwa zimelowa na kuchanganyika na kinyesi, na hivyo ndivyo magonjwa kama salmonela yanavyoenea. Iliniuma, maana chombo kile nilikiweka mimi. Sasa nakiosha kwa maji ya moto na sabuni, nakikausha kabisa, kisha natia mbegu za kuisha siku mbili.

Ukimwona mgonjwa wa namna hiyo, kiondoe chombo kwa wiki mbili au zaidi. Usiwaonee huruma wazima. Watatawanyika na kujitafutia.