Wasomaji Wanauliza: Nusu Dakika ya Shabaha Kwenye Theluji

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi. Zote zinauliza kuhusu baiathloni, mchezo wa Olimpiki ya majira ya baridi unaounganisha mbio za skii na kulenga shabaha kwa bunduki.

Habari za kazi, wahariri. Nilikuwa kibanda umiza naangalia mbio za skii na bunduki. Aliyeongoza kwa nusu dakika alifika kwenye shabaha, akapiga, kisha akaanza kuzunguka kiduara kidogo huku wenzake wakimpita. Alikosea nini?
*Kijana wa Sakina, Arusha*

Alikosa shabaha, kijana. Kila kituo kina shabaha tano zilizo umbali wa mita 50, na risasi tano za kuzipiga. Kila shabaha iliyobaki nyeusi inamtia kwenye mzunguko wa adhabu wa mita 150, unaokula kama sekunde 25. Akikosa mbili, ile nusu dakika imekwisha na bado anadaiwa. Asipozunguka anaongezewa dakika mbili kwa kila mzunguko alioacha, ndiyo maana humwoni mtu akiukwepa. Mbio za mtu mmoja mmoja, kilomita 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake, ni kali zaidi: huko hakuna kuzunguka, kila kosa ni dakika nzima kwenye saa.

Akilala kifudifudi, duara analopaswa kulipiga lina kipenyo cha milimita 45, sawa na kisoda kimoja na nusu hivi. Akisimama, duara ni milimita 115, karibu ukubwa wa CD. Usidhani CD ni rahisi. Aliyelala ameegemeza viwiko chini na mkanda umeibana bunduki kwenye mkono wake. Aliyesimama ameshika bunduki isiyopungua kilo 3.5 juu ya miguu iliyotoka kupanda mlima, na kila pigo la moyo linautikisa mtutu. Darubini hairuhusiwi, analenga kwa tundu dogo tu.

Kwa hiyo kosa mara nyingi huwa limeshafanyika kabla hajafika kwenye mkeka. Safari ijayo mtazame anapokaribia uwanja wa shabaha: mjuzi hupunguza kasi, hutuliza pumzi, na jicho lake liko kwenye vibendera vya upepo. Akifika anaweka fimbo chini, anashusha bunduki mgongoni, anafungua vifuniko vya kuzuia theluji na kuchomeka magazini ya risasi. Anavuta pumzi mara mbili tatu, anatoa kiasi, anazuia, anafyatua. Risasi zote tano huisha kwa nusu dakika au chini ya hapo. Aliyeingia kwa pupa hukosa ya kwanza kwa kuhema. Mwingine hupiga nne safi, akaiharakisha ya tano kwa sababu mawazo yake yameshaondoka.

Upepo nao una lake. Risasi ina uzito wa gramu mbili na nusu tu, basi upepo wa pembeni unaisogeza. Kabla ya mbio kila mtu husawazisha bunduki yake kwa upepo wa saa ile. Upepo ukibadilika baadaye, ni lazima azungushe kirekebishi cha kulengea au angoje utulie. Ukiona makosa mawili yameangukia upande mmoja na mchezaji hajagusa kirekebishi, hapo tatizo si mkono, ni uamuzi.

Shikamooni wahariri. Je, tunaweza kuwafundisha wanafunzi mchezo huu bila theluji wala bunduki?
*Mwalimu wa michezo, Moshi*

Marahaba, Mwalimu. Mnaweza. Chora mzunguko wa mita 400, wakimbie mara tatu, na walenge baada ya mzunguko wa kwanza na wa pili. Panga makopo matano kwenye benchi, mita sita kutoka mstari wa kurushia, na kila mtoto apewe mipira mitano ya tenisi. Zamu ya kwanza wapige magoti na makopo yawe madogo ya nyanya. Zamu ya pili wasimame, makopo yawe makubwa ya maziwa. Kila kopo lililobaki ni mita 100 za adhabu. Usipunguze hapo. Adhabu ikiwa nyepesi, watoto wataona bora kurusha ovyo na kukimbia, na mchezo utakuwa umekufa.

Kopo tupu huangushwa na upepo, na lililojaa mchanga halianguki. Konzi moja ya mchanga inatosha. Waanze mmoja mmoja kwa kupishana sekunde 30, ili wasisongamane benchini. Hatari kubwa ni mtoto kukimbilia mipira wakati mwenzake bado anarusha, kwa hiyo weka mtu mwenye bendera nyekundu, na bila ruhusa yake asivuke yeyote. Manati msitumie, jiwe likidunda kwenye bati hujui litamrudia nani.

Theluji tunayo juu ya Kibo. Kwa nini tusifanyie mazoezi pale?
*Mpagazi, Kiboriloni*

Kaka, wewe unaijua Kibo kuliko wengi. Kilele kiko mita 5,895, na hewa ya oksijeni pale ni kama nusu ya ile ya pwani. Kanuni za baiathloni haziruhusu njia ya mbio kupita mita 1,800. Tena kilichopo juu ni barafu ngumu ndani ya hifadhi, wakati skii za mbio ndefu zinahitaji theluji iliyoshindiliwa na kusawazishwa kwa mashine.

Faida yetu iko chini zaidi. Anterselva nchini Italia, uwanja wa baiathloni wa Olimpiki ya 2026, uko kama mita 1,600; Arusha iko kama 1,400. Mapafu tunayo. Ila mapafu peke yake hayatoshi: Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji hodari, alijifunza skii Finland, akashindana mbio za skii za kilomita 10, zisizo na bunduki, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 na kumaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie, alimsubiri mstarini amkumbatie. Kilichompungukia Boit ni miaka ya kuteleza. Skii za magurudumu zinaweza kufundisha hilo, lakini hazina breki. Zinataka lami laini iliyofungwa, si barabara ya daladala.

Nianze kutazama mbio zipi, na ni saa ngapi kwetu?
*Mama wa Njiro, Arusha*

Mama, anza na mbio za kufukuzana. Wanaanza kwa kupishana kulingana na matokeo ya mbio fupi, hivyo anayevuka mstari wa kwanza ndiye mshindi, huna haja ya kupiga hesabu. Wanalenga mara nne: mbili kwa kulala, mbili kwa kusimama. Italia majira ya baridi iko nyuma yetu kwa saa mbili; ratiba ikiandika 14:30, hapa ni saa kumi na nusu jioni. Kama kuna kazi ya jikoni, ifanye wakati wa zamu mbili za kwanza za kulenga, kisha ukae.