Bwawa la majitaka lisilonuka ndilo la kuangaliwa zaidi

Anayekuja kukagua mabwawa ya majitaka hutanguliza pua. Bwawa likinuka mwenye nalo analaumiwa, lisiponuka anapumua. Kwa upande wa methani, gesi inayotoka uchafu ukioza pasipo oksijeni, pua haifai kitu, kwa kuwa gesi hiyo haina harufu wala rangi. Ile harufu ya yai viza ni hidrojeni salfaidi, na mara nyingi inapozidi, methani huwa imepungua. Bwawa lenye kina, lililotulia, lenye utando mweusi juu na mapovu yanayopasuka polepole, linafanya kazi yake barabara. Ndilo pia linalotoa gesi inayoipasha dunia joto kama mara 27 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100. Ukipima kwa miaka 20 ni karibu mara 80.

Kwa hiyo anayetaka kuchimba bwawa huku Tanga, awe na korona (mtambo wa kutoa nyuzi) ya mkonge upande wa Muheza, machinjio au mabweni ya shule, aamue jambo moja kabla ya kuita greda: gesi ataikamata, au atajitahidi isizalishwe? Wengi hawachagui. Wanachimba kina, wanaacha wazi, basi.

Vijiumbe vinavyotoa methani si bakteria, ni kundi jingine liitwalo arkea. Ni vya mwisho kwenye foleni. Bakteria huanza kwa kumeng'enya mafuta, protini na wanga, wengine wakageuza hayo kuwa asidi, na mwishoni ndipo arkea hula asidi ya siki, hidrojeni na hewa ukaa, vikatoa methani. Havivumilii oksijeni. Vinapenda pH (kipimo cha asidi; chini ya 7 ni asidi) kati ya 6.8 na 7.4, na joto la pwani yetu linavifaa mwaka mzima. Udhaifu wake ni kuzaliana taratibu. Bakteria wa asidi huongezeka kwa saa, arkea kwa siku. Karibu kila bwawa linaloharibika linaharibikia hapo: asidi inazalishwa haraka kuliko inavyoliwa.

Tuweke hesabu. Chukua majitaka mita za ujazo 200 kwa siku, yenye BOD (oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu) ya gramu 700 kwa kila mita ya ujazo. Huo ni mzigo wa kilo 140 kwa siku. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, bwawa lisilo na oksijeni hubeba gramu 350 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Unahitaji mita za ujazo 400, maji yakae siku 2. Likiwa na kina cha mita 4, eneo lake la wastani ni mita za mraba 100 tu, na karibu asilimia 70 ya BOD inaishia humo.

Hizo asilimia 70 ni kilo 98. Kila kilo ya BOD inaweza kutoa hadi kilo 0.6 za methani, kwa hiyo kikomo ni karibu kilo 59 kwa siku, sawa na tani 1.6 hivi za hewa ukaa. Ukizichoma kilo hizo hizo kwenye kichomeo, zinabaki kilo 162 za hewa ukaa, tena itokanayo na mimea na chakula, si mafuta ya ardhini.

Njia ya pili ni bwawa la kina kifupi, mita 1.5, lenye mwani wa kijani juu. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, unalipangia bwawa lenye kina cha chini ya mita 2 kigezo cha 0.2, yaani moja ya tano ya methani inayowezekana, na lenye kina zaidi 0.8. Sababu mojawapo ni kwamba tabaka la juu lenye oksijeni lina bakteria wanaokula methani kabla haijatoka. Gharama yake ni ardhi: kwa mzigo uleule unahitaji kama mita za mraba 4,000. Palipo na shamba hilo si tatizo. Mjini kati, usijidanganye. Na ukilizidishia mzigo, maji hugeuka ya waridi au zambarau. Hiyo ni alama kwamba oksijeni imekwisha na salfa imetawala. Punguza maji yanayoingia siku hiyo hiyo.

Majitaka ya mkonge yana shida yake. Nyuzi hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Kinachobaki ni nyama ya jani na maji yenye sukari, ambayo huchacha upesi na kushuka hadi pH 5 au chini. Hicho ni chakula kizuri sana cha methani, na kule Hale kilijengwa kiwanda cha biogesi kwa mabaki hayohayo. Lakini ukiyamwaga yote kwenye bwawa jipya siku ya kwanza, utapata pipa la siki. Anza hivi: jaza bwawa maji ya kawaida, weka mbegu, yaani tope la bwawa la zamani au la shimo la choo, au samadi mbichi ya ng'ombe, kisha ingiza robo ya mzigo. Ongeza robo nyingine kila baada ya wiki, mradi pH ya maji yanayotoka haishuki chini ya 6.8. Ikishuka, simamisha mzigo kwanza, ndipo ufikirie chokaa.

Chokaa Tanga haisumbui kupata, na ndiyo maana inatumika vibaya. Pima kwenye ndoo ya lita 20: ongeza gramu 2 kwa wakati, koroga, soma pH, mpaka ufike 7. Ikichukua gramu 10, hiyo ni nusu kilo kwa mita ya ujazo. Bwawani anza na theluthi yake, maana arkea vikiamka vitaila asidi vyenyewe. Nafuu zaidi ni kurudisha sehemu ya maji ya bwawa la mwisho, kama mabwawa yamefuatana, na kuyachanganya na yanayoingia.

Walio karibu na bahari wana jambo jingine. Maji ya bahari yana salfeti, chumvi yenye salfa, kama gramu 2.7 kwa lita. Yakipenya hadi kuwa sehemu ya kumi ya maji ya bwawa, salfeti hiyo inatosha bakteria wa salfa kula gramu 180 za COD (kipimo cha uchafu kama BOD, ila kwa kemikali) kwa kila mita ya ujazo, chakula ambacho arkea vingekigeuza methani. Methani inapungua kweli, ila unapata hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayoua na inayokula chuma. Tandika plastiki nzito chini kabla ya kujaza.

Ukiamua kukamata gesi, funika kwa karatasi ya plastiki ngumu ya HDPE ya milimita 1.5 au 2, ukingo wake ufukiwe kwenye mtaro. Zungusha bomba ndani, na mahali pa chini kabisa weka mtego wa maji, maana gesi hutoka na unyevu na bomba likijaa maji kifuniko kinavimba. Masika yakija, mvua hutuama juu ya kifuniko na kuisukuma gesi pembeni. Panga mabomba mazito ya kuongoza maji hadi shimo la pampu. Kama gesi itaendesha injini, kwanza ipitishe kwenye pipa la vipande vya chuma chenye kutu ili salfa ibaki humo. Ukibadilisha vipande hivyo, vimwagie maji kwanza, kwa sababu vikikutana na hewa hupata joto hadi kuwaka. Methani hulipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa: hakuna sigara, hakuna kuchomelea karibu, na hakuna anayeingia kwenye shimo la valvu peke yake. Hidrojeni salfaidi ikizidi hufisha pua, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla, ondoka.

Tope lipimwe kila mwaka kwa mti mrefu uliofungwa taulo jeupe. Uzamishe wima hadi chini, uinue polepole, usome weusi uliobaki. Likifika theluthi ya kina, ondoa, ila bakiza kidogo liwe mbegu. Tope hilo usilirundike hapo ukingoni, kwa kuwa ndani ya lundo lenye maji arkea vinaendelea na kazi. Litandaze kwenye vitanda vya mchanga, unene wa sentimita 20 hadi 30, wakati wa kaskazi jua likiwa kali.